Kompyuta ya Nyumbani Kisumu na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayofika mara nyingi zaidi kwenye meza yetu ya ukarabati mjini Kisumu, na wanaoyaleta ni walimu, wanafunzi na wenye biashara ndogo ndogo kutoka hapa mjini, Vihiga, Siaya, Busia na Kakamega. Mashine nyingi zinazobebwa hadi kwa fundi hazijaharibika; kilichozisumbua ni stima, joto, vumbi, saa iliyopotea au diski iliyojaa. Kwa sababu hiyo majibu yanaanzia ukutani, kwenye soketi, kisha yanaingia ndani ya mashine hatua kwa hatua. Tunazungumzia kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11, hasa zile zilizotumika Uingereza kabla ya kuuzwa huku, kwa kuwa ndizo zilizojaa majumbani.

Laptopu yangu haiwaki kabisa na taa ya chaja haionekani. Je, imekufa?

Pengine kilichokufa ni fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi. Plagi ya Kenya ni ile ile ya Uingereza, yenye miguu mitatu ya mraba, na ndani yake mna fyuzi ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo. Tuliwahi kumpokea mwalimu aliyepanda matatu kutoka Luanda, Vihiga, akiwa na laptopu ambayo alikuwa ameshaambiwa kwamba ubao wake mkuu umeungua. Tulichukua plagi ya chaja, tukachokonoa kwa bisibisi bapa kile kifuniko kidogo kilicho kati ya miguu, fyuzi ikatoka, tukatia nyingine ya ampea 3, na taa ya chaja ikawaka kabla hajaketi vizuri. "Ni hiyo tu, fundi?" aliuliza, na uso wake ulionyesha kwamba bado alikuwa akipiga hesabu ya pesa alizokuwa amekwenda kukopa.

Fyuzi za aina hii ni za kauri nyeupe, kwa hiyo huwezi kuchungulia ndani uone kama waya umekatika. Asiye na mita anaweza kuazima fyuzi ya kiwango kile kile kutoka kwenye plagi ya kifaa kingine kinachofanya kazi, akaijaribu. Kiwango kimeandikwa pembeni: chaja ya laptopu huhitaji ampea 3, ilhali ya ampea 13 ni ya pasi, birika la umeme na vifaa vingine vinavyokula stima nyingi. Zote zina umbo moja na zitaingia pale pale, lakini ile kubwa haitakatika kwa wakati ufaao waya wa chaja unapopata hitilafu. Kuviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua ni kuiondoa kinga yote na kuukaribisha moto.

Ikiwa fyuzi ni nzima, kumbuka kwamba katika chaja nyingi waya unaotoka ukutani hadi kwenye kile kitofali cheusi huchomoka na huuzwa peke yake kwa bei ndogo. Jaribu waya wa jirani kabla ya kununua chaja nzima.

Taa ya chaja inawaka, lakini laptopu bado haiitikii. Nifanye nini?

Chomoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kutoka, kisha ukishike kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kukiachilia. Hatua hii huondoa chaji iliyobaki kwenye ubao na ambayo wakati mwingine huiacha mashine ikiwa imeganda. Rudisha chaja peke yake, bila betri, ujaribu kuwasha. Ikiwaka, basi wa kushukiwa ni betri.

Kompyuta ya mezani ikipiga milio kadhaa na skrini ikabaki nyeusi, mara nyingi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imelegea au miguu yake imeshika kutu nyepesi, jambo ambalo unyevu wa huku kwetu hulichochea. Stima ikiwa imechomolewa kabisa, gusa kwanza sehemu ya chuma ya kasha, toa kijiubao cha RAM, sugua miguu yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa unga wa raba, ukirudishe kwa kukibonyeza hadi vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Raba hiyo ya mtoto wa shule imeokoa kompyuta nyingi kuliko vifaa vyetu vya bei ghali.

Stima inapotea na kurudi, na mvua huku huja na radi. Nawezaje kuilinda kompyuta?

Kwa mvua yenye radi kinga ya kuaminika ni moja tu, nayo ni kuchomoa. Ukanda wa Ziwa Victoria, pamoja na nyanda za Kakamega na Kisii, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye ngurumo nyingi zaidi, na hakuna ekstensheni, hata iwe ya bei gani, itakayozuia radi iliyopiga nguzo ya karibu. Ukiona wingu limejikusanya, chomoa plagi ya kompyuta na vilevile waya wa intaneti unaoingia kwenye ruta, kwa kuwa ule waya wa mtandao nao ni njia. Wengi huchomoa stima, wakausahau waya wa mtandao, kisha wakashangaa kwamba ruta na kompyuta vimeungua pamoja.

Stima ya kawaida inapopotea na kurudi, hatari iko katika zile dakika za kwanza baada ya kurudi, ambapo majokofu na pampu za mtaa mzima huanza kunguruma kwa pamoja na nguvu ya umeme ikapanda na kushuka. Kiwango cha Kenya ni volti 240. Zima swichi ya ukutani mara stima inapopotea, ungoje dakika tano hivi baada ya kurudi ndipo uwashe. Kifaa kinachouzwa kwa ajili ya kulinda televisheni au jokofu hufanya kazi hiyo hiyo chenyewe, kwa kukata umeme ulio chini au juu ya kiwango na kuchelewesha kuurudisha. Ekstensheni yenye taa nyekundu si kinga. Ni ekstensheni yenye taa.

Kwa kompyuta ya mezani UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoipa kompyuta umeme stima ikipotea, inafaa sana, mradi uielewe kazi yake, ambayo ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Usichomeke pasi wala printa ya leza kwenye UPS. Betri yake ya volti 12 huchoka baada ya miaka michache na inaweza kubadilishwa bila kununua UPS mpya.

Kwa nini laptopu yangu inapata moto na kujizima yenyewe mchana?

Mashine hujizima ili isiungue. Kabla ya kuilaumu, angalia imekalia nini. Katika sebule nyingi za huku meza imefunikwa kitambaa cha kufuma, na laptopu iliyowekwa juu yake huvuta hewa kupitia matundu ya tumboni ambayo sasa yamezibwa na uzi. Kitanda na blanketi ni vibaya zaidi. Iweke juu ya ubao mtupu au trei ya chai iliyopinduliwa, na uinue upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite.

Kama bado ina joto, ndani mna vumbi. Anayeishi kando ya barabara ya murramu huhitaji kusafisha mara nyingi zaidi, na aliye karibu na ziwa ana shida ya ziada ya wale wadudu wadogo wanaokuja kwa mawingu jioni, wakaifuata taa ya skrini, wakafia ndani ya feni. Funga dirisha au uzime taa wanapoingia. Unapopuliza vumbi, zuia feni isizunguke kwa kuichomekea kijiti cha meno, kwa sababu feni inayozungushwa kwa nguvu na upepo inaweza kuharibika na hata kurudisha umeme kwenye ubao.

Kompyuta imekuwa nzito. Niongeze RAM, nibadilishe diski au ninunue nyingine?

Anza na lisilogharimu kitu, ambalo ni kuanzisha mashine upya kwa kuchagua Restart. Katika Windows 10 na 11 kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu, kwa kuwa mfumo huhifadhi sehemu yake ili uwake haraka kesho, na hitilafu za jana hubaki humo. Restart huanza upya kwa kweli.

Hatua inayofuata ni kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka litakuonyesha nani anakula nini. Ikiwa safu ya diski imekwama kwenye asilimia 100 ilhali hufanyi lolote, mashine yako karibu hakika ina diski ya zamani inayozunguka, na hapo dawa ni kuibadilisha iwe SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Tunalisema hili bila kusita: kwa laptopu ya zamani, SSD ya GB 240 au 256 huleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua. Ikiwa inayojaa ni safu ya kumbukumbu, na una RAM ya GB 4, basi kuifikisha GB 8 kunafaa, ingawa huenda ukapona bure kwa kufunga zile kurasa ishirini za intaneti ulizoziacha wazi.

Katika dirisha hilo hilo ipo sehemu ya programu zinazojiwasha pamoja na mashine. Zima zote usizozitambua kuwa za lazima. Hakikisha pia kwamba diski ina nafasi tupu, angalau moja ya tano, na usiweke programu mbili za kupambana na virusi, kwa sababu hizo hupigana zenyewe kwa zenyewe na anayeumia ni mwenye mashine. Ile inayokuja na Windows bila malipo inawatosha watu wengi.

Kila tovuti inasema muunganisho si salama, hata eCitizen. Je, nimeingiliwa?

Tazama tarehe kwenye kona ya chini kulia. Ikiwa mashine yako inaamini kwamba huu ni mwaka 2009, basi vyeti vya usalama vya tovuti zote vitaonekana kuwa bado havijaanza kutumika, na kivinjari kitazikataa. Sahihisha tarehe na ukanda wa saa uwe wa Nairobi, na tovuti zitafunguka. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila unapochomoa stima, betri ya ubao mkuu imekwisha. Ni kile kidonge cha fedha chenye jina CR2032, cha volti 3, kinachouzwa hata na mafundi wa saa. Katika kompyuta ya mezani unakibadilisha mwenyewe. Katika laptopu nyingi kimeviringishwa plastiki na kufungwa waya, hivyo mwachie fundi. Ni vyema kulishughulikia mapema kuliko usiku wa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi.

Nywila yangu ni sahihi lakini inakataliwa, na alama ya @ haipatikani.

Laptopu iliyotoka Uingereza ina kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, lakini aliyeiwekea Windows huenda alichagua mpangilio wa Marekani. Hapo alama ya @ na alama ya kunukuu hubadilishana nafasi: unabonyeza Shift na 2 ukitarajia moja, inakuja nyingine. Kwenye kisanduku cha nywila huoni chochote ila vitone, kwa hiyo unajaribu tena na tena hadi akaunti inafungwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi ili kubadilisha mpangilio; kama upo mmoja tu, ongeza mwingine kwenye mipangilio ya lugha. Kama huna hakika, andika kwanza zile alama zenye utata kwenye kisanduku cha jina ambapo zinaonekana, kisha uzifute.

Herufi zikigeuka tarakimu katikati ya kibodi ndogo, zima NumLock, mara nyingi kwa kukibonyeza pamoja na Fn.

Nilienda saiba kuchapisha, na sasa flashi ina njia za mkato tu. Faili zangu zimefutwa?

Hazijafutwa, zimefichwa, na usibonyeze hizo njia za mkato zenye kijishale, kwa kuwa kila moja inaviita virusi upya. Chomeka flashi, uione imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue dirisha jeusi litakalojitokeza, kisha uandike mstari huu kama ulivyo, pamoja na nafasi zake, na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngoja hadi mstari mpya utokee. Fungua flashi, na folda zako zitakuwa zimerudi, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda isiyo na jina. Futa njia zote za mkato pamoja na faili ngeni, kagua flashi kwa programu ya kupambana na virusi, nakili kazi yako pembeni, ndipo uisafishe flashi kwa kuifomati. Kwa safari ijayo ya saiba, jitumie waraka kwa baruapepe, au ubebe flashi yenye faili moja tu ya PDF unayotaka kuchapisha.

Nikiunganisha laptopu na simu, bando linaisha kwa dakika chache. Linakwenda wapi?

Linakwenda kwenye masasisho ya Windows na faili zinazojipakia mtandaoni bila kukuuliza, kwa sababu kompyuta inadhani waifai ya simu yako haina kikomo. Fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la waifai ya simu, uwashe swichi iliyoandikwa Metered connection. Masasisho mengi makubwa yatasubiri. Usiyazuie milele, lakini. Siku ukipata intaneti ya bure au ya bei nafuu, iache mashine ikae nayo saa mbili.

Nimesikia Windows 10 imefungwa. Laptopu yangu bado inaitumia.

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo wala haitazimika, ila haipokei tena marekebisho ya usalama isipokuwa ukijiandikisha kwa mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafikia Oktoba 2026. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kizazi cha 8 au zaidi, kwa hiyo laptopu nyingi za mitumba za kizazi cha 6 na cha 7 hazikubaliwi. Kwa mwenye mashine kama hiyo anayeandika, kusoma na kutembelea tovuti tu, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, ni jibu zuri, la bure, na huenda kasi ikampendeza. Kwa anayetegemea programu fulani ya uhasibu ya Windows si jibu, na ni afadhali aanze kuweka akiba ya mashine nyingine.

Chai imemwagika kwenye kibodi. Niiweke kwenye mchele?

Hapana. Mchele hauvuti chochote kutoka ndani na unaacha unga. Chomoa chaja mara hiyo hiyo, shikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izime, hata kama kazi haijahifadhiwa, toa betri ikiwezekana, kisha uigeuze: ifungue na kuisimamisha kama paa la nyumba, kibodi ikitazama chini juu ya taulo. Maji matupu yakikauka kwa siku mbili unaweza kubahatika. Chai ya maziwa na sukari ni shauri jingine, kwani ikikauka huacha utando unaonata, unaopitisha umeme na kula shaba ya ubao. Hiyo ipeleke isafishwe hata kama inaonekana imepona, na usijaribu kuiwasha njiani "kuona tu". Wengi wa walioleta mashine za chai zikiwa zimekufa kabisa waliziua katika kuona huko.

Waifai inafika sebuleni lakini chumbani haifiki.

Mabati hurudisha mawimbi nyuma, na ukuta wa mawe huyanyonya. Toa ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu na katikati ya nyumba. Ikiwa inatoa mitandao miwili, ule wa GHz 2.4 hufika mbali na ule wa GHz 5 una kasi ukiwa karibu.

Printa inavuta karatasi tatu kwa pamoja.

Karatasi zimenyonya unyevu. Zipepete, uzigeuze, na ufunge rimu ndani ya plastiki kila umalizapo.

Skrini ni nyeusi lakini nasikia sauti.

Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini hupepesa mara moja na mara nyingi picha hurudi. Isiporudi, mulika tochi ya simu kwenye kioo kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma imeharibika. Unaweza kuendelea na kazi kwa kuunganisha televisheni kwa waya wa HDMI, kisha ubonyeze kitufe cha Windows na P.

Nimelazimika kuipeleka kwa fundi. Nijihadhari na nini?

Nakili faili zako kwanza, na ondoka kwenye akaunti za baruapepe na za benki zilizohifadhiwa katika kivinjari. Fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya mfumo, upige picha ya ukurasa unaoonyesha kiasi cha RAM na aina ya prosesa, kisha upige picha nyingine ya namba iliyo chini ya mashine. Mwambie fundi tatizo kama unavyoliona, "inazima baada ya nusu saa," badala ya kumpa jina la ugonjwa, kwa maana ukisema "ni RAM" huenda ukauziwa RAM. Omba urudishiwe kila kipande kilichotolewa. Kabla ya kulipa, iwashe pale pale kwenye kaunta, uchomeke chaja yako mwenyewe, fungua ule ukurasa wa RAM na uulinganishe na picha iliyo kwenye simu, na ikiwa shida ilikuwa kuzima baada ya nusu saa, omba kiti ukae hiyo nusu saa.